Msanifu Hashiki Kazi ya Mhandisi

Mara nyingi nawasikia wenzetu wa Pwani wakisema, "Ramani tumeshachorewa, sasa tujenge." Wanakusudia karatasi za msanifu majengo peke yake. Mimi naona hatari huanzia hapo.

Msanifu humfikiria mtu atakayekaa. Ndiye apangaye sebule iwe wapi, mgeni apite wapi asivunje sitara ya wenyeji, na upepo wa kusi uingilie dirisha gani. Mhandisi huufikiria uzito. Huangalia udongo, akahesabu upana wa msingi, unene wa nguzo na idadi ya nondo.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu wa Lamu na Mombasa walimwachia fundi mmoja kazi zote mbili, na nyumba zao nyingi zingali zimesimama. Ni kweli. Lakini fundi yule alijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliomwamulia upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba. Saruji na chuma havimwekei mtu mpaka kama huo. Apendaye hupandisha ghorofa juu ya ghorofa bila hesabu.

Mfano wa kazi hizi mbili kukutana vyema wameuona mahujaji wetu waliopitia uwanja wa ndege wa Jeddah. Jengo la mahujaji, lililokamilika mwaka 1981, lina paa la mahema 210. Msanifu wake, Gordon Bunshaft, alishughulikia sura yake na kivuli cha wasafiri. Mhandisi, Fazlur Rahman Khan, aliyesomea Dhaka, alitafuta jinsi kitambaa kile kitakavyobebwa na nyaya na nguzo za chuma. Mmoja asingeweza bila ya mwenziwe.

Nasi tunayajua madhara. Mnamo Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40.

Basi rai yangu kwa anayetaka kuongeza ghorofa juu ya nyumba aliyoachiwa na marehemu babake ni hii: kabla ya kuuliza itapendeza vipi, amwite mhandisi autazame msingi. Ujira wake ataona mkubwa, lakini watakaolala chini ya dari hiyo ni wanawe na mama yao.