Ligi ya wakulima ni ipi?

Mashabiki wa kandanda ya Ulaya wana tusi moja ambalo wamelitia mdomoni kama tambuu. Tusi lenyewe ni "ligi ya wakulima". Maana yake ni ligi dhaifu, ambayo timu moja kubwa huzifunga nyingine zote bila jasho, kana kwamba wachezaji wa timu hizo nyingine wametoka shambani jioni, wakatua majembe na kuvaa viatu vya mpira. Tusi hili hutupiwa zaidi ligi ya Ufaransa, na wanaolitupa zaidi ni wapenzi wa ligi ya Uingereza.

Mimi nililisikia likitumiwa kwa nguvu zote katika mji wa Wang'uru, huko Mwea katika kaunti ya Kirinyaga, mji ambao wenyeji wengi huuita Ngurubani. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mchele wa karamu ya harusi, maana sisi watu wa pwani tukitaja biriani twamaanisha pishori, na kwao pishori ni Mwea. Hotelini nilipokaa kunywa chai walikuwako vijana kama saba wakibishana. Mmoja wao alikuwa na tope la majaruba bado miguuni, na huyo ndiye aliyekuwa akipiga meza na kusema kwamba ligi ya Ufaransa ni ligi ya wakulima. Mwenziwe akamwuliza, "Na wewe ni nani, karani?" Hoteli nzima ikacheka.

Kicheko ni kicheko, lakini swali lile si la mzaha. Vijana hawa, kama walivyo wenzao wa Kisauni, Malindi na Lamu, wanaijua timu ya pili ya Barcelona kuliko wanavyoijua timu ya mtaa wao. Hebu tuupime ubishi wao wenyewe kwanza, kisha tuulize unatufikisha wapi.

KLABU SI LIGI

Waliokuwa wakiitetea Ufaransa hoja yao ilikuwa Paris Saint-Germain. Na kwa hakika hoja hiyo ina uzito. Mwezi Januari 2025 klabu hiyo iliifunga Manchester City mabao 4 kwa 2. Kisha ikaitoa Liverpool kwa mikwaju ya penalti, ikaitoa Aston Villa, na ikaitoa Arsenal. Klabu nne za Uingereza ziliangushwa katika msimu mmoja. Tarehe 31 Mei 2025, mjini Munich, ikaicharaza Inter Milan mabao 5 kwa 0 na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa. Hata kocha wao, Luis Enrique, baada ya kuitoa Arsenal alilichukua lile tusi la ukulima na kulirudisha kwa wenyewe kwa mzaha.

Wa upande wa Uingereza nao wakajibu kwamba hiyo ni klabu moja tu, na klabu moja haifanyi ligi.

Mimi niliwasikiliza nikaona kuwa wote wana haki, kwa sababu hawakuwa wakibishania jambo moja. Nguvu ya klabu ni kitu kimoja na nguvu ya ligi ni kitu kingine. Paris Saint-Germain iko mikononi mwa Waqatari tangu mwaka 2011. Hicho ni kisima cha tajiri mmoja katika ua wake. Chaweza kuwa kirefu na maji yake matamu, lakini jirani hachoti humo. Ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba wanazifahamu vizuri fedha hizo, kwani ndizo zilizoinunua Manchester City mwaka 2008 kutoka Abu Dhabi, na Newcastle mwaka 2021 kutoka Saudia.

Tena nguvu ya ligi haikai mahali pamoja. Tangu mwaka 1977 hadi 1984 Waingereza walilichukua kombe la Ulaya mara saba katika miaka minane. Hamburg ya Ujerumani peke yake ndiyo iliyowakatiza, mwaka 1983. Mwaka 1985 yakatokea maafa ya uwanja wa Heysel, Brussels, wakafa watu 39, na klabu za Uingereza zikafungiwa nje ya mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Zamu ikawa ya Waitalia, waliokuwa na matajiri wa viwanda na televisheni. Baadaye ikawa zamu ya Hispania, ambayo tangu 2014 hadi 2018 ililishika kombe miaka mitano mfululizo. Basi anayeapa kwamba ligi yake ndiyo bora milele anaapa juu ya jambo lisilo na umilele.

Ni kitu gani basi kinachoifanya ligi nzima kuwa na nguvu, wala si klabu moja? Jibu ni namna ya kugawa. Ligi Kuu ya Uingereza ilipoundwa mwaka 1992 ilishika mtindo wa kuuza mechi zake kwa televisheni kwa pamoja, na sehemu kubwa ya fedha hizo kugawanywa kwa usawa. Katika msimu wa 2023/24 Sheffield United, iliyoshika mkia, ilipata kiasi cha pauni milioni 110 katika mgao huo, na Manchester City iliyokuwa bingwa ilipata kiasi cha milioni 176. Wa mwisho hakuachwa afe njaa. Kule Hispania kila klabu ilikuwa ikijiuzia mechi zake yenyewe, Real Madrid na Barcelona zikila minofu na wengine wakiguguna mifupa, mpaka serikali ilipoingilia kati mwaka 2015 na kuamuru mechi ziuzwe kwa pamoja.

Haya niliwaeleza wale vijana, na nilishangaa jinsi walivyonielewa upesi. Kumbe hili ndilo jambo walilozaliwa nalo. Mpunga wa Mwea hunyweshwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Maji huja kwa mifereji, na kila sehemu ina zamu yake. Mwenye shamba la juu akiyachukua yote, jaruba la chini hupasuka nyufa. Hakuna mkulima wa Wang'uru asiyejua kuwa ubora wa shamba la mtu hutegemea ugawaji wa mfereji.

Yule mwenye tope akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa mzee, huu mfereji wa ligi yetu ulikatwa wapi?"

MFEREJI WETU

Swali hilo lafaa kujibiwa na kila mpenda kandanda wa Kenya.

Mfereji wetu ulikuwako. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare na Esperance ya Tunis mabao 2 kwa 2 huko kwao na 1 kwa 1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Katika miaka ya karibuni ligi yetu ilionyeshwa na SuperSport, na klabu zikapata chochote cha kulipia mishahara na nauli. Mwaka 2017, baada ya ugomvi wa kuongeza idadi ya timu, SuperSport ikajiondoa. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikiifadhili ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, nayo ikajiondoa katika mzozo wake na serikali juu ya leseni na kodi. Klabu zikabaki zikitangatanga na bakuli.

Sasa tazama upande wa pili. Kampuni hiyo hiyo ya SportPesa, tangu 2017 hadi 2020, jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton. Everton wakaja Dar es Salaam Julai 2017 wakaifunga Gor Mahia 2 kwa 1, na mwaka 2018 Gor Mahia ikaenda Liverpool ikafungwa 4 kwa 0. Tulipiga makofi tukisema Mzungu ametujia. Wachache waliuliza fedha ya jezi ile imetoka wapi. Sehemu yake ilitoka katika simu za vijana wetu, shilingi hamsini hapa na mia pale, za kubashiri nani atamfunga nani.

Hapo pana maji yaliyotoka katika jaruba la maskini yakaenda kunywesha bustani ya tajiri.

Na kwetu sisi Waislamu jambo hili lina uzito zaidi. Kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Sura al-Maida, aya ya 90, kuwa ni uchafu wa kuepukwa, na aya inayofuata inatupa sababu, kwamba shetani huitumia kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia na utajo wa Mungu na Sala. Nani asiyeyaona hayo leo? Mechi za Ulaya huanza saa nne za usiku, na vijana wetu wakatoka ukumbini usiku wa manane, mmoja amepoteza karo ya mdogo wake, mwingine hasemi na rafikiye, na wote Alfajiri imewapita. Mwezi Mei 2009, Arsenal ilipotolewa na Manchester United katika nusu fainali, kijana mmoja wa Nairobi alijitoa uhai. Inna lillahi. Timu yenyewe haikujua kama yuko duniani.

KINGI NA SKOCHI

Pengine msomaji atasema kwamba huyu mzee anataka vijana waache kushangilia. La, hasha. Watu wa pwani tutakuwa wa mwisho kukataza ushabiki. Mwanzo wa karne ya 20 wazee wetu wa Mombasa waligawanyika katika ngoma ya beni, huku Kingi na huku Skochi, na Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Majina ni ya Kizungu, magwanda ni ya kuiga, vyeo ni vya kuiga, na mashindano yalikuwa ya kufa na kupona. Lakini aliyepiga tarumbeta alikuwa mtoto wa mtaa, na aliyetunga wimbo wa kumsuta mpinzani alikuwa jirani yako.

Hata katika kandanda ilikuwa hivyo. Mombasa ilikuwa na klabu iliyojiita Liverpool. Jina lilikuwa la Mwingereza lakini miguu ilikuwa ya kwetu. Na Feisal, klabu nyingine ya Mombasa, ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Wazee wetu waliazima jina, wakaweka nguvu zao wenyewe. Sisi leo tumeazima jina, na miguu, na uwanja, na hata ugomvi. Kilicho chetu ni ada ya kuingia ukumbini na dau la kamari. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi mbacha tumeshautupa jaani.

Watu wa Mwea wanayo historia ambayo yafaa kuwa somo katika jambo hili. Mifereji yao ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya mahabusu wa wakati wa Mau Mau. Kwa miaka mingi wakulima walilima mpunga, na Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji ikauchukua na kuwalipa bei iliyopangwa na bodi. Mwaka 1998 wakakataa. Wakasema anayelima ndiye auze, wakaupeleka mpunga wao katika chama chao cha ushirika. Haikuwa rahisi, na kulikuwa na msiba ndani yake, lakini waliuliza swali lililo sawa: mavuno haya ni ya nani?

Wajukuu wa watu hao wanaweza kuuliza swali hilo hilo juu ya kandanda. Uwanja wanao. Uwanja wa Wang'uru ulitengenezwa upya, na Oktoba 2021 sherehe za taifa za Sikukuu ya Mashujaa zilifanyika hapo. Mapenzi nayo yapo. Tarehe 10 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya iliifunga Morocco bao 1 kwa 0, na Kasarani ilijaa watu wakilia kwa furaha. Waliocheza siku ile hawakutoka Madrid wala London. Walitoka katika ligi hii hii tunayoidharau.

Kijana akitoa shilingi mia moja Jumamosi kuingia uwanjani kuitazama timu ya mji wake, hiyo shilingi mia hulipa nauli ya mchezaji anayemjua kwa jina la mamake. Akiitia katika kamari ya mechi ya Ulaya, hatajua imekwenda wapi. Mwenye kutaka kuitazama Arsenal na aitazame, kwani mchezo mzuri ni mzuri hata ukichezwa na jirani. Ila asije akajenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mtu.

Na lile tusi, mimi naona tulifute. Ligi ya wakulima isiwe jina la aibu katika nchi ambayo kila sahani ya wali imetoka katika mikono yenye tope. Mkulima hugawa maji, hungoja msimu wake, na halimi shamba la mwenziwe bure. Laiti ligi yetu ingeendeshwa na wakulima.