Mgonjwa wa mionzi ya ini arudi na barua

Wagonjwa wetu wanaokwenda India kutibiwa uvimbe wa ini kwa mionzi ya ndani warudi na barua. Sisemi CD ya picha wala rundo la risiti. Barua inayoeleza waliwekewa nini, lini, kiasi gani, na daktari wa huku aangalie nini.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na matibabu yenyewe sina ugomvi nayo. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono hadi kwenye ini, zikamiminwa punje za kioo au resini, nyembamba kuliko unywele, zenye itriamu-90. Mionzi yake haipenyi zaidi ya milimita 11, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 64 hivi.

Madhara hayana haraka hiyo. Uchovu, kichefuchefu na homa ndogo za mwanzoni kila mtu huambiwa. Lakini punje zikipotea njia zikaingia mishipa ya tumbo, huacha kidonda kinachoweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa keshafika kwao. Zikivuja kwenda mapafuni, huleta kikohozi na kubanwa pumzi. Na ini lenyewe laweza kuzidiwa mwezi wa kwanza au wa pili: macho ya njano, tumbo kujaa maji, ndugu wakadhani saratani imerudi.

Kaka yangu, aliyerudi kutoka matibabu hayo, alianza kutapika na kuungua chembe cha moyo. Akapewa dawa za asidi, akapimwa bakteria, dawa zikabadilishwa. Hakuna aliyeuliza habari za mionzi, na faili halikuitaja. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeona "Y-90", yaani itriamu-90, kwenye risiti, akaagiza kipimo cha kamera na kinyama kikachukuliwa. Maabara ikazikuta punje ndani ya kidonda. Risiti! Mhasibu ndiye aliyetuandikia historia ya ugonjwa. Kidonda cha namna hii hakitokani na asidi, na hupona polepole mno.

Waliomtibu India wanayajua madhara haya. Kabla ya siku yenyewe hupitisha dawa ya majaribio kupima kiasi kitakachovuja mapafuni. Kuyaandika kwenye ukurasa mmoja kunawashinda nini?

Ndugu unayemsindikiza mgonjwa, usitoke wodini bila karatasi hiyo. Nawe daktari wa hapa, mgonjwa wa ini akilalamika tumbo, muulize kwanza kama amewahi kuwekewa mionzi.