Maoni Yetu: Mche Uuzwe na Jina Lake

Mtwara ina msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili au Mei, na ndani ya miezi hiyo kila aliyemaliza kuezeka nyumba yake Magomeni hukumbuka kwamba kiwanja chake hakina hata mti mmoja wa kukalia kivulini. Huenda kwenye kitalu, huchagua, hulipa, hupakia miche kwenye bodaboda. Alichonunua hasa atakijua baada ya miaka mitatu.

Hapo ndipo biashara ya miche inapotofautiana na nyingine. Aliyeuziwa nyanya mbovu hurudi kesho yake asubuhi na maneno yake. Aliyeuziwa mwembe kwa jina la dodo, ukaja kuzaa embe ndogo zenye nyuzi, hana wa kumrudia: kitalu kimehama, muuzaji amebadili kazi, na miaka ya kumwagilia na kupalilia imekwenda bure. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia limechukua miaka mitatu kufunguka.

Kauli yetu ni fupi. Maua mengi mlangoni, bango kubwa na bei ya kushangaza si vitu ambavyo mteja wa miche anavihitaji kwanza. Anachohitaji ni kuambiwa kweli: mche huu ni wa aina gani, umetoka kwa mti gani, una afya au hauna, na utafaa pale anapotaka kuupanda. Kitalu kinachojibu hayo ni kizuri hata kama kina mabanda mawili ya makuti. Kisichojibu ni sehemu ya kubahatisha tu.

Tuanze na jina. Kuandika "mwembe" kwenye kipande cha boksi hakutoshi. Kuna dodo, bolibo, Alphonso, Kent, na kila mmoja una msimu wake na soko lake. Kuandika "mnazi" hakutoshi, maana mnazi mfupi huanza kuzaa miaka kadhaa kabla ya mnazi mrefu wa asili, na anayepanda kwa ajili ya madafu hana hesabu sawa na anayepanda kwa ajili ya nazi na mbao. Mkorosho ndio usiseme. Mikorosho huchavushana, kwa hiyo mbegu iliyookotwa chini ya mti unaozaa sana haina ahadi ya kuzaa mtoto aliyefanana na mama yake. Ndiyo sababu wataalamu wakachagua miti mama na kuwafundisha watu kubebesha: kuchukua kikonyo cha mti unaojulikana na kukifunga juu ya mche wa mbegu.

Mkazi wa Magomeni hana haja ya kusafiri kutafuta elimu hiyo. Kituo cha TARI Naliendele, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, kimo ndani ya manispaa hii hii ya Mtwara Mikindani. Vikonyo vya aina zilizothibitishwa viko jirani, na wanaojua kubebesha wako jirani. Ni aibu mji wenye utajiri huo kuuza mche wa mkorosho usio na jina.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kitalu halihitaji kompyuta. Linahitaji mistari minne: mbegu ilisiwa lini, ilitoka wapi, mche ulibebeshwa lini, kikonyo kilikatwa kwenye mti upi. Mistari hiyo ikinakiliwa kwenye kibandiko kikafungwa kwenye mche, mteja anaondoka na ushahidi mkononi.

Ukweli una sehemu yake ya pili, nayo ni kukiri kisichojulikana. Chukua mpapai. Mipapai mingi ya kienyeji huwa mingine dume na mingine jike, na mche mchanga hauonyeshi jinsia yake mpaka utoe maua. Muuzaji asiye na haya atakuapia kwamba huo ulioushika ni jike. Muuzaji mzuri atakwambia hajui, na kwamba hakuna ajuaye. Nunua mitatu, ipande shimo moja, ikitoa maua ng'oa madume ubakize jike. Wa pili ameuza miche mitatu badala ya mmoja, na mteja atarudi kwake. Biashara na ukweli si maadui.

Baada ya jina, afya. Mwaka 2012 mnyauko fusari ulibainika kwenye mikorosho ya kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga. Ugonjwa huu hukaa kwenye udongo na kuingilia mizizini, kwa hiyo dawa ya kupuliza majani haiufikii. Tafakari basi maana yake kwa kitalu: kila kiriba ni kilo ya udongo inayosafiri kutoka shamba moja kwenda jingine. Mwenye kitalu anayechota udongo chini ya mikorosho iliyokauka anaweza kuupeleka ugonjwa kwenye viwanja vya watu wengi kwa msimu mmoja, naye asijue. Mteja ana haki ya kuuliza udongo umechotwa wapi. Na serikali ina vyombo vya kuuliza kwa niaba yake: TOSCI inasimamia ubora wa mbegu na miche, TPHPA inasimamia afya ya mimea. Tungependa kuwaona maofisa wao vitaluni kabla ya mvua, wakiwa na ushauri mkononi na siyo faini peke yake.

Mteja naye ana macho. Auinamie mche wa mkorosho uliobebeshwa autazame. Juu kidogo ya udongo pana fundo, pale kikonyo kilipofungwa kwa utepe wa nailoni. Fundo liwe limeshikana pande zote, lisiwe na ufa wala weusi, na utepe usiwe umezama ndani ya gome. Kisha atazame chini ya fundo. Akiona vichipukizi vya kijani vimeachwa vikue, ajue kitalu hicho hakina mwangalizi: hivyo ni vichipukizi vya mche wa mbegu, na vikiachwa vitakizidi kikonyo nguvu mpaka abaki na mkorosho ambao hakuununua. Ainue kiriba. Mzizi uliotoboa na kuzama ardhini maana yake mche umekaa kitaluni kupita wakati wake. Ukinyanyuliwa mzizi unakatika, na ndani ya kiriba mizizi mingine huenda imeanza kujisokota. Majani yawe ya kijani kilichokoza, yasiwe na unga mweupe wa ubwiriunga.

Na asidanganywe na urefu. Wateja wengi huelekeza kidole kwenye mche mrefu kuliko yote, au ule uliokwisha kubeba tunda ndani ya kiriba. Mche mfupi wenye shina nene hushika ardhi upesi kuliko mrefu mwembamba uliokuwa unakimbilia mwanga. Aulize pia kama miche imezoeshwa jua. Uliolelewa chini ya neti tangu kuota, ukapelekwa ghafla kwenye mchanga wa moto wa pwani, huungua ndani ya siku chache, na lawama anapewa mpandaji.

Jambo la tatu ni ushauri, na hapa ndipo muuzaji mzuri anapopimwa, kwa kuwa mara nyingine ushauri mwema ni kukataa kuuza. Nafasi inayopendekezwa kati ya mkorosho na mkorosho ni mita 12. Mwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini, chenye nyumba, choo na karo, akija kutaka mikorosho minne, aambiwe kweli hata kama pesa yake iko mezani. Apewe mkomamanga, mndimu, mstafeli, mpera, au mwarobaini mmoja wa kivuli mbali na karo. Anayejenga karibu na ufuko, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, aulizwe kwanza upepo wa chumvi unamfikia vipi na maji ya kisima chake yana ladha gani, kwa sababu mvinje na mnazi itavumilia mahali ambapo mchungwa utapukutisha majani.

Mtwara, kuliko miji mingi, inajua gharama ya kupanda kabla ya kuuliza. Bandari yake ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya fedha nyingi kuteketea. Wenye mpango walikuwa na matrekta na fedha. Walichokosa ni kuujua vizuri udongo na mvua walizokuwa wanazitegemea.

Kuhusu mvua, tuna neno na wapangaji wa kampeni. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa ambayo masika yake ndiyo kwanza yanachanganya, tarehe hiyo ni njema. Kwa Mtwara, Aprili mvua zinaaga, na mche uliopandwa kwa hotuba na picha siku hiyo unabakiwa na wiki chache tu kabla ya kiangazi kirefu. Upandaji wa huku ni Desemba na Januari. Sherehe ya Aprili ibaki, lakini tuitumie kuhesabu miche iliyopona kati ya ile iliyopandwa Desemba. Halmashauri zimewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Lengo la kupanda bila lengo la kuhakikisha miti inaishi huzaa takwimu, halizai kivuli. Na kwa kuwa taasisi za umma nazo ni mteja mkubwa wa miche, zidai kibandiko, daftari na afya kama tunavyomtaka mwananchi adai.

Sasa tuwageukie wenye vitalu, maana mgalla muue na haki yake mpe. Tunawadai mengi, na wengi wao wanafanya kazi katika hali ngumu. Maji wananunua kwa ndoo. Viriba vinapanda bei. Mche unakaa miezi mkononi ukila maji na nguvu kabla ya kuuzwa, na usiponunuliwa msimu huu, msimu ujao umeshazidi umri. Kubwa kuliko yote, vitalu vingi katika miji yetu viko kwenye hifadhi ya barabara, ambako mwenye kitalu anaweza kuambiwa ahame wakati wowote. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hapo hawezi kukupa dhamana ya miaka mitatu. Baadhi ya wauzaji wa miche Uingereza hutoa dhamana ya miaka kadhaa kwa miti yao. Wanaweza, kwa sababu mteja anajua mlango wa kugonga na muuzaji anajua mlango huo utakuwepo.

Kwa hiyo tunaitaka manispaa itenge eneo la vitalu lenye maji ya bomba na mkataba wa miaka isiyopungua mitano, kwa ada ambayo mama mwenye miche mia tatu anaweza kuimudu. Maofisa ugani na wataalamu wa Naliendele wapite hapo kila mwaka kabla ya Novemba kufundisha kubebesha na kukagua udongo. Atakayepata eneo akubali masharti mawili: kibandiko kwenye kila mche uliobebeshwa, na kubadilisha bila malipo mche utakaokufa ndani ya mwezi wa kwanza wa mvua ikiwa mteja alifuata maelekezo. Hakuna sharti hapo linalozidi uwezo wa mwenye kitalu makini.

Mambo madogo nayo yasidharauliwe. Bei iandikwe, ili mteja mgeni asipimwe kwa viatu alivyovaa. Mche uliobebeshwa na wa mbegu isichanganywe safu moja, na tofauti ya bei ielezwe: mwembe uliobebeshwa huzaa mwaka wa tatu au wa nne, wa mbegu hungoja zaidi. Samadi iliyooza na matandazo viuzwe palepale, maana mchanga wa huku hauweki maji, na shimo tupu la mchanga ni kaburi la mche. Miche ipangwe kwenye boksi na kufunikwa kabla ya kupanda bodaboda, kwani upepo wa safari ya nusu saa unatosha kukausha majani machanga. Na namba ya simu iandikwe kwenye kibandiko, mteja apate pa kuuliza atakapoona jani limejikunja.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitalu kitakachosema kweli kitapata wateja kwa mdomo wa majirani, kwa sababu mti mzuri huonekana na mtaa mzima. Lakini kweli hiyo itasemwa upesi zaidi ikidaiwa. Kabla ya kutoa pesa mvua zijazo, mnunuzi na aulize maswali matatu: mche huu unaitwaje, umetoka wapi, na ukifa nirudi kwa nani? Asiyejibiwa yote matatu aende kitalu kingine.