Mnyoo Katika Kompyuta ya Nyumbani

Zamani kila nyumba ilikuwa na sanduku lake. Humo ziliwekwa hati ya kiwanja, vyeti vya shule, kanga za arusi na picha za wazee waliotangulia. Leo, katika nyumba nyingi za mjini, sehemu kubwa ya sanduku hilo imehamia ndani ya kompyuta. Picha za marehemu bibi, masomo ya mtoto anayejiandaa kwa mtihani na hesabu za kikundi cha kuweka akiba, yote yamo humo. Kwa hiyo kompyuta inapoingiwa na mnyoo, kilicho hatarini si mashine peke yake, bali ni kumbukumbu na riziki ya jamaa nzima.

MNYOO NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tutofautishe mnyoo na kirusi. Kirusi cha kompyuta hujipachika ndani ya programu au faili ya mwenye mashine, kisha husubiri faili hiyo ifunguliwe ndipo kienee. Mnyoo ni programu kamili inayojitegemea. Hujinakili wenyewe na kusafiri kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa njia ya mtandao au kwa kupanda flashi.

Jambo hili si geni. Novemba 2, 1988, mnyoo ulioandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ulienea katika intaneti changa ya wakati ule na kuzilemaza kompyuta kwa maelfu. Haukufuta faili hata moja. Ulizilemea mashine kwa kujinakili mno, mpaka zikashindwa kufanya kazi nyingine yoyote.

DALILI ZAKE

Hapa kwetu mgeni huyu aghalabu huja kwa flashi. Mtu huichomeka, akakuta folda zake zote zimegeuka kuwa alama zenye kimshale pembeni. Wengi huduwaa na kusema kwamba flashi imekula kazi zao, na kwa hasira huifuta yote ili waanze upya. Msifanye hivyo hata kidogo! Mara nyingi folda za kweli zingali zimo. Mnyoo umezificha tu, na mahali pake umeweka njia za mkato. Ukibonyeza njia hiyo, kwanza huuamsha mnyoo, kisha hukufungulia folda yako ya kweli ili usishuku kitu. Anayeifuta flashi huteketeza kwa mkono wake kile ambacho mnyoo ulikuwa umekibakiza.

Dalili nyingine ni kompyuta kuwa nzito pasipo sababu, bando la intaneti kwisha upesi, au tovuti za programu za ulinzi kukataa kufunguka ilhali nyingine zote zinafunguka. Ndivyo ulivyofanya mnyoo ulioitwa Conficker, uliozuka Novemba 2008 na kuziingia kompyuta kwa mamilioni: ulimfungia mgonjwa njia ya kwenda kwa mganga.

KUUTOA

Kazi hii ina utaratibu wake, na anayeuruka huirudia kesho yake.

Kwanza, itenge mashine. Izimie waifai, uchomoe waya wa mtandao na modemu, na flashi yoyote isiingizwe wala kutolewa kwenda kwa jirani. Wakati huo usiingize neno la siri la benki wala la barua pepe katika kompyuta hiyo.

Pili, isafishe kompyuta kabla ya flashi. Mashine zenye Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender. Fungua Windows Security, nenda kwenye sehemu ya virusi, ukachague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima, iwake, na kukaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka. Sababu yake ni rahisi kueleweka: mnyoo ulioamka hujificha na kujitetea, lakini uliolala hukamatwa. Hifadhi kazi zako kabla ya kuanza, kwa kuwa kila kilichofunguliwa kitafungwa.

Ikiwa kinga hiyo imeharibiwa, tumia kompyuta nyingine iliyo safi kupakua Safety Scanner, ambayo Microsoft huitoa bure. Hufanya kazi kwa siku 10 tu tangu ipakuliwe, hivyo usiweke akiba ya mwaka jana. Na flashi itakayoibeba ihesabiwe tangu hapo kuwa imekwisha ambukizwa.

Tatu, zikusanye flashi zote za nyumbani, kadi za simu na diski za nje. Zikague moja moja kabla ya kufungua chochote ndani yake. Kisha futa zile njia za mkato, na uzirudishe folda zilizofichwa. Ikiwa flashi yako inasomeka kwa herufi E, fungua Command Prompt na uandike amri hii kama ilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi ikiwa nyingine, badilisha E tu. Folda zitajitokeza tena.

Nne, ukitumia kifaa kilicho safi, badilisha maneno ya siri, ukianza na lile la barua pepe, maana anayeishika barua pepe yako huweza kuyapata mengine yote.

Mnyoo ukigoma kutoka, mpelekee fundi. Lakini kabla hajaanza kile ambacho mafundi wetu hukiita "kupiga Windows", mwambie waziwazi anakili kwanza picha na maandishi yenu mahali pengine, wala asinakili programu. Fundi hajui kwamba picha ile ndiyo pekee iliyobaki ya marehemu mzee.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Kila mama anajua kwamba mtoto aliyepewa dawa ya minyoo, kisha akarudi kula kwa mikono michafu, atahitaji dawa nyingine. Kompyuta ni vivyo hivyo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na Conficker Oktoba 23, 2008, kabla mnyoo wenyewe haujaonekana. Mei 12, 2017 ukazuka mwingine, WannaCry, uliofunga faili za watu na kudai fidia, ukavuruga hata hospitali za Uingereza. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Mara zote mbili dawa ilitangulia ugonjwa; walioumia wengi ni wale ambao hawakuinywa.

Basi kompyuta inapoomba kusasishwa, msiiahirishe kila siku kwa kuhofia bando. Na wenye Windows 10 wafahamu kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025. Anayeweza kuhamia Windows 11 afanye hivyo mapema.

USIMTAFUTE WA KUMPIGA

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mnyoo unapogunduliwa, swali la kwanza nyumbani huwa: nani ameuleta? Kidole humwelekea kijana aliyekwenda steshenari kuchapa kazi ya shule. Lakini flashi iliyoingia katika kompyuta ya steshenari imepita palipopita flashi za mtaa mzima, na ya baba ikitoka ofisini haina usafi zaidi. Mtoto anayepigwa kwa kosa hili hujifunza jambo moja tu: safari ijayo akiona dalili, atanyamaza. Na ukimya wa siku tatu humtosha mnyoo kuenea nyumba nzima. Afadhali asifiwe yule anayesema mapema.

Iwekeni flashi moja ya kwendea steshenari, isiyo na kitu kingine ila kile kinachochapwa, na ikaguliwe kila irudipo. Au tumeni kazi kwa barua pepe. Nakala ya picha na hati za jamaa iwekwe katika diski ya pembeni, isiyoachwa imechomekwa, kwani kisichochomekwa hakifikiwi na mnyoo.

Leo ni Jumapili na wengi mko nyumbani. Kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja na alete mezani flashi yake, ya baba ikitangulia, zikaguliwe zote mbele ya wote.