Kelele za Mabati Si Mapenzi ya Mungu

Leo nina ugomvi na watu watatu. Wa kwanza ni mwandishi wa programu anayejigamba kwamba hesabu za chuo kikuu hazina kazi. Wa pili ni mtafiti anayezijua hesabu hizo lakini macho yake yako kwenye ndege tu. Wa tatu ni kamati ya shule inayoezeka madarasa kana kwamba mtoto hana masikio.

Hapa Kaaga, kama kwingineko Meru, mvua huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Ikishuka kwa nguvu juu ya darasa la mabati lisilo na dari, somo limekwisha. Mwalimu anapaza sauti, anachoka, anangoja. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele darasani wakati wa somo zisizidi desibeli 35. Sisi tunasema mvua ni baraka, basi tunanyamaza. Mvua ni baraka, sikatai. Lakini paa tumelijenga sisi!

Haya basi, tuangalie kinachotokea. Bati la geji 30 lina unene wa karibu robo milimita na uzito wa kilo 2 hivi kwa mita ya mraba. Ni ngozi ya ngoma. Tone linaligonga, bati linatikisika, hewa ya chini yake inatikisika nayo. Yale mawimbi ya bati hulifanya liwe kakamavu upande mmoja na laini upande mwingine, kwa hiyo hata mtikisiko wake haufanani pande zote. Haya yote yana milinganyo inayojulikana. Hata kupima kumewekewa utaratibu: kiwango cha kimataifa ISO 140-18 cha mwaka 2006 kilieleza jinsi ya kunyeshea paa mvua ya bandia maabarani na kupima sauti yake.

Sasa, mtafiti. Tangu Wajapani walipobuni katika miaka ya 1980 mata inayobadilika polepole, kauri upande mmoja na chuma upande wa pili, ili ihimili joto la vyombo vya angani, makala juu ya sauti na mtikisiko katika mabamba na maganda ya aina hiyo yamekuwa mengi ajabu. Kazi nzuri. Lakini msitu wa mianzi uko pale Mlima Kenya! Mwanzi ni ganda la namna hiyo hiyo, umetengenezwa na Muumba: nyuzi zake husongamana kuelekea nje na kupungua kuelekea ndani. Milinganyo ile ile ingeweza kutuambia dari ya mianzi inazuia sauti kiasi gani. Mbona hatuulizi?

Na wewe mwenzangu wa programu, chukua mfano huu. Tuseme chini ya mabati tunaweka dari ya plaiwudi ya milimita 10, kilo 6 hivi kwa mita ya mraba, na kati yake pana nafasi ya wastani wa mita 0.3. Gawa 1 kwa 2, ongeza 1 gawa kwa 6, jumla igawe kwa 0.3, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 60. Unapata karibu hezi 89. Hapo bati, hewa na dari hucheza pamoja na kinga ni dhaifu. Juu zaidi ya hapo kinga hupanda haraka, na maneno ya mwalimu tunayategemea zaidi kati ya hezi 500 na 4000. Mistari kumi ya Python, basi.

Najua jibu: pesa hakuna. Ndiyo maana nataka hesabu! Ukizidisha mara mbili uzito wa bamba moja, sauti inayolipenya hupungua kwa desibeli 6 hivi tu, na sikio huhitaji kama 10 lione kelele imepungua nusu. Kwa hiyo kulipia bati nene zaidi pekee kunaleta faida ndogo. Na ukiweka dari kisha fundi akaacha mianya ya asilimia 1 ya eneo lake, kinga haiwezi kuzidi desibeli 20 hata dari iwe ya nini. Kuziba mwanya ni rahisi kuliko kununua bati jipya. Asiyepiga hesabu ndiye anayepoteza pesa.

Octave ni bure. CalculiX ni bure. Code_Aster ya Wafaransa ni bure. Kompyuta unayoandikia programu za mikopo inatosha kabisa. Kabla harambee nyingine ya paa haijaitishwa, mtu aiulize kamati swali moja: mvua ikinyesha, mtoto wa dawati la nyuma atasikia? Asiyekuwa na jibu la tarakimu asiezeke.

Anayeona nimekosea alete hesabu zake tubishane.