Mshono Uliokwenda Kombo

Akina mama pamoja na wasichana mnaojifunza kushona, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya makosa ya sindano. Ni nani kati yetu asiyeyajua? Mmoja hukata kitambaa kabla ya kupima; mwingine hushona kola nje ndani; mwingine huona, vazi likiisha kumalizika, kwamba ndege wote waliochapwa katika kikwembe wanaruka miguu juu. Hayo ni makosa madogo. Lakini namna ya kuyapokea si jambo dogo, na sisi wenyewe tulifundishwa hivyo nyumbani mwetu, tena kwa aibu.

Mji wetu wa Kamina umekaa juu, kimo cha mita zipatazo 1,100, na usiku wa Juni na Julai baridi huamsha watu. Kwa hiyo mama mwenye busara hatupi vipande vya vikwembe vinavyobaki nguo ikiisha kukatwa. Huviweka akiba mfukoni, na vikiwa vingi hushona mfarishi: juu viraka vilivyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, kisha matabaka yote matatu hushikamanishwa kwa sindano ya mkono. Kazi hiyo ni ya saburi. Ukikosea milimita 2 tu katika kila mshono, mstari wenye viraka 12, yaani mishono 11, utapita kipimo chake kwa milimita 22, wala hautalingana tena na mstari wa jirani yake.

Basi miaka kadhaa iliyopita binti yetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 12, aliomba tumwachie ajishonee libaya. Tulimpa kipande cha kikwembe kipya, kilichonunuliwa kwa fedha za kuhesabu. Akapima vizuri, akakata vizuri, ila alipofika kwenye mikono alikata yote miwili ya upande wa kushoto. Mshonaji yeyote ajua jinsi kosa hilo linavyotokea: mtu huweka kielelezo cha karatasi juu ya kitambaa, hukata mara ya kwanza, kisha husahau kukigeuza kabla ya kukata mara ya pili.

Sisi tulikasirika. Tulimwambia maneno ambayo mpaka leo hatupendi kuyakumbuka: “Mkono wako hauna akili.” Tukamnyang'anya mkasi, tukavifungia vile vipande ndani ya sanduku. Mtoto hakujibu neno. Tangu siku hiyo hakushika sindano kwa muda wa miezi minane. Kifungo cha nguo yake kikikatika, alimpelekea shangazi yake. Tulidhani ni uvivu, tukamwita mvivu. Hatukutambua kwamba mtoto alikuwa akiogopa, wala si sindano aliyoiogopa, bali sisi.

Ukaja mwezi wa Juni. Mwana wetu wa kwanza alikuwa karibu kuoa, nasi tulikuwa tukimshonea mfarishi. Jioni moja tuliketi barazani, mfarishi umetandazwa magotini, tukishona kwa haraka kabla giza halijaingia. Mara tukasikia “Hodi!” Tulipoinua macho, loo, alikuwa mama wa mchumba, mkwe wetu mtarajiwa, amekuja bila kutoa habari. Tukasimama upesi kumpokea kwa heshima, na mfarishi nao ukasimama pamoja nasi. Tukauvuta, haukuachia. Tulikuwa tumeshona matabaka matatu, na la nne juu yake: kikwembe tulichokivaa, urefu wa shibiri nzima! Kikapu cha nyuzi kilipinduka, vibiringo vikaenda kila upande, nasi tumesimama mbele ya mkwe tumefungwa kama mbuzi wa soko.

Palikuwa kimya. Kisha tukasikia sauti pembeni, kama maji yanayochemka chini ya kifuniko. Alikuwa binti yetu, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mkwe akamtazama, naye akaanza kutikisika mabega. Hatimaye sisi wenyewe tulicheka mpaka tukaketi chini, mfarishi na vyote. Binti yetu akaleta wembe, akapiga magoti, akasema, “Tulia, mama, nikufungue.” Akafumua mshono ule polepole, wala hakuikwaruza nguo hata kidogo. Alipomaliza akatuuliza kwa sauti ndogo, “Mama, kumbe na mkono wako hukosea?”

Swali hilo lilituchoma kuliko sindano. Tulimjibu, “Hukosea, mwanangu. Nasi tulikukosea wewe.” Tukaenda kufungua sanduku, tukaitoa ile mikono miwili ya kushoto. Mkwe wetu, ambaye ni mshonaji wa siku nyingi, aliishika, akaitazama upande huu na upande huu, akacheka tena. Kitambaa kilikuwa waksi ya kweli, ambayo rangi yake hupenya, na pande zake mbili hufanana. Akaugeuza mkono mmoja ndani nje, na papo hapo ukawa wa kulia. Dawa ya kosa lile ilikuwa hiyo tu. Libaya lilishonwa likaisha katika juma lile, lakini alilivaa mdogo wake, maana mwenyewe alikuwa amekwisha kurefuka. Hiyo ndiyo hasara ya hasira yetu.

Tangu hapo tumependa kuwasimulia wasichana habari za nguo za Bakuba wa Kasai. Reli ipitayo Kamina iliendelezwa hadi Ilebo mwaka 1928, na nchi ya Bakuba haiko mbali na bandari hiyo. Kwa desturi yao, wanaume hufuma kitambaa kwa nyuzi za mti wa mwale. Kitambaa kikitoka katika kitanda cha kufumia huwa kigumu, nacho hutwangwa kinuni ili kilainike. Katika kutwanga, mara nyingi hutoboka. Wafanyeje? Huziba tundu kwa kiraka. Wachunguzi wa nguo hizo wasema kwamba viraka vya namna hiyo ndivyo vilivyozaa urembo: pakiwa na kiraka kimoja hapa, chapendeza kingine kule, hata mahali pasipo tundu, mpaka sketi nzima ikajaa maumbo ya ajabu. Henri Matisse, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1954, alitundika nguo za Bakuba ukutani mwa chumba chake cha kazi, na majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani huzihifadhi kama hazina. Ndivyo tundu la kinuni lilivyotazamwa na watu wasiokata tamaa.

Sasa, akina mama, pokeeni mashauri machache ya kazi. Kwanza, msifumue kwa kuvuta pande mbili za nguo, kwa maana itararuka. Kateni kwa wembe kila mshono wa tatu au wa nne upande mmoja, kisha geuzeni nguo na kuvuta uzi wa upande wa pili, utatoka wenyewe. Pili, fueni vitambaa vyote kabla ya kuvikata, maana pamba hurudi. Rangi ikichuja na kuchafua kiraka cheupe, msikianike wala kukipiga pasi. Kiloweke na kukifua tena kikiwa bado kibichi, hata mara tatu. Tatu, vazi likiwa fupi, lishonewe pindo la kitambaa kingine, na kipande kidogo cha kitambaa hichohicho kiwekwe shingoni, ili watu waone kwamba mmekusudia. Nne, cherehani ikianza kuruka mishono, msiipige wala kuilaumu. Badilisheni sindano kwanza. Mara nyingi imepinda au imekuwa butu. Tano, mnaposhona mfarishi kwa mkono, wekeni ubao au sinia magotini. Shauri hilo mwajua tulikolipata.

Lakini angalieni jambo moja. Kuna kucheka pamoja na mtu, na kuna kumcheka mtu. La kwanza humfungua, la pili humfunga. Mama na aanze kucheka kosa lake mwenyewe, ndipo mtoto atathubutu kucheka la kwake. Tena, anayeshona kwa mshahara akiharibu kitambaa cha mtu, asianze kwa kicheko: aseme kweli, alipe au atengeneze, na kicheko kitakuja baadaye kwa ruhusa ya mwenye nguo.

Wazee walisema: kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Binti yetu leo ana cherehani yake na wasichana anaowafundisha. Anayekosea hupewa wembe, na huonyeshwa libaya moja dogo lililotundikwa ukutani, ambalo mkono wake mmoja umegeuzwa ndani nje. Wengi hulitazama sana wasione ni upi.