UCHAMBUZI: Biashara changa za Mombasa na sahihi ya serikali

KUFUNGWA kwa kampuni ya KOKO Networks mwishoni mwa Januari 2026 kuliwaacha wakazi wengi wa miji ya Kenya, Mombasa ikiwemo, wakiwa na majiko mazuri yasiyo na mafuta ya kutia.

Kampuni hiyo, iliyoanza kuuza nishati hiyo jijini Nairobi mwaka 2019, ilikuwa ikisambaza ethanoli ya kupikia kupitia mitambo iliyowekwa katika maduka ya mitaani. Mteja alifika na mkebe wake na kununua mafuta ya kiasi cha fedha alichokuwa nacho mfukoni siku hiyo. Kwa hesabu zake yenyewe, ilihudumia takriban nyumba milioni 1.5. Wafanyakazi wapatao 700 walipoteza ajira.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, tofauti kati ya ethanoli na makaa si suala la nadharia. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba na moshi wa jiko la makaa hauna pa kwenda ila chumbani kwa jirani. Anayechoma mahamri alfajiri au kukaanga viazi karai jioni huhesabu gharama ya moto kabla ya kuhesabu ya unga.

Wateja basi hawakuwa haba. Kilichokosekana ni barua moja kutoka serikalini, na kisa cha barua hiyo kinafaa kufuatiliwa kwa makini na kijana yeyote anayekusudia kuanzisha biashara katika kisiwa hiki kwa kutegemea nishati safi, taka au mikoko.

Mafuta ya KOKO yaliuzwa kwa bei isiyotosha kufidia gharama. Pengo hilo lilitarajiwa kuzibwa kwa mauzo ya vyeti vya kaboni: nyumba inapoacha makaa, misitu hupona na hewa chafu hupungua, na kila tani inayopungua hupewa cheti kinachoweza kuuzwa ng'ambo. Soko lenye bei nzuri lilikuwa lile la mashirika ya ndege, ambayo chini ya mpango wa CORSIA wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege yanatakiwa kufidia sehemu ya hewa chafu yanayoitoa.

Lakini mashirika hayo hayawezi kutumia cheti kwa ajili hiyo bila idhini ya nchi kilikotoka. Chini ya Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, nchi inayotoa idhini huahidi kutoihesabu tena tani hiyo katika malengo yake yenyewe. Tani ikishauzwa, imekwenda.

Hapo ndipo maslahi ya kampuni na ya taifa yalipoachana njia. Kenya iliahidi mwaka 2020 kwamba ingepunguza hewa chafu kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030. Kila tani inayoruhusiwa kuuzwa nje ni tani ambayo serikali italazimika kuitafuta kwingine, pengine kwa gharama kubwa zaidi. Barua ya idhini iliyohitajika haikutolewa, na fedha za kuziba pengo la bei hazikupatikana.

Ni rahisi kusema kwamba wenye kampuni hawakuielewa sheria. Hilo haliwezi kuwa kweli. Kampuni ya ukubwa huo ilikuwa na mawakili, na mnamo Machi 2025 MIGA, tawi la Benki ya Dunia linalowakinga wawekezaji dhidi ya hatari za kisiasa, lilitoa dhamana ya dola milioni 179.6 kwa ajili ya mradi huo. Waliijua sheria vyema. Udhaifu ulikuwa kujenga bei ya kila siku ya mpishi wa kawaida juu ya sahihi ambayo afisa wa serikali alikuwa na sababu za kutoitia.

Serikali nayo haiepuki lawama. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ilifanyiwa marekebisho Septemba 2023, siku chache kabla ya kongamano la Afrika kuhusu tabianchi kufanyika Nairobi, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka 2024. Nchi iliyojinadi kwa wawekezaji kuwa kitovu cha biashara hiyo ilipaswa kutoa jibu la wazi, liwe la kukubali au la kukataa, mapema kuliko ilivyokuwa.

Aidha, vyeti vya majiko vilikuwa vimetiliwa shaka hata kabla ya hapo. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulidai kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilikuwa imepewa vyeti takriban mara tisa zaidi ya ilivyostahili. Mjasiriamali aliyesoma habari hiyo alijua kwamba bei ya vyeti isingekuwa jambo la kutegemewa.

Hatua chache kutoka Fort Jesus, katika Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, ndipo kilipo Swahilipot Hub, kilichoanzishwa mwaka 2016 kuwalea vijana wenye vipawa vya teknolojia na sanaa. Kijana wa Pwani anayefikiria biashara ya kaboni ana mfano ulio karibu zaidi kuliko KOKO, nao uko Gazi, Kaunti ya Kwale, mwendo wa saa moja au zaidi kusini baada ya kuvuka feri ya Likoni.

Huko, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza vyeti vya kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamegharimia maji na vifaa vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Ni mradi mdogo. Udogo huo ni sehemu ya sababu umedumu, maana haukuahidi kumpunguzia mtu bei ya chakula chake cha jioni.

Anayetamani kuufuata mfano huo katika mikoko ya Hori ya Tudor, inayokizunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, ataanza na swali la mwenye mali. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, enzi za ukoloni, na hadi leo mwenye programu nzuri ya simu ya kupimia miti hana haki ya kuuza kaboni iliyomo ndani yake. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2016, jamii hujiunga katika chama cha misitu na kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu.

Kisha huja marekebisho ya mwaka 2023. Mradi wa ardhi unaofanywa katika ardhi ya umma au ya jamii unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Usio wa ardhi, angalau asilimia 25. Kijana aliyekwisha kumwahidi mfadhili nusu ya mapato atagundua, akifika kifungu hicho, kwamba amebaki na sehemu ndogo kuliko alivyodhani. Ni hesabu ya dakika tano, lakini ifanywe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Si kila sheria ya mazingira huja na mahesabu kama hayo. Nyingine hufika kwa kishindo. Tarehe 28 Februari 2017, gazeti rasmi la serikali lilichapisha marufuku ya mifuko ya plastiki na kutoa muda wa miezi sita. Wafanyabiashara wengi walitikisa vichwa, kwani majaribio ya mwaka 2007 na 2011 yalikuwa yamefifia. Ilipofika Agosti 28, faini ilikuwa kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Katika Marikiti, ambako viungo vilikuwa vikipimwa na kufungwa kwa plastiki, ilibidi vifungashio vingine vitafutwe haraka.

Waliolichukulia tangazo hilo kwa uzito walikuwa na nusu mwaka wa kushona mifuko ya kitambaa na kutafuta wateja. Msomaji wa gazeti la serikali, chapisho lisilovutia hata kidogo kwa macho, alikuwa ameliona soko kabla ya jirani yake.

Upande wa usafiri hali ni ya kupanda na kushuka. Tuktuk ndiyo gari la Mji wa Kale, kwa kuwa hupenya pasipopenya teksi, na wazo la kuigeuza itumie umeme humjia kila fundi anayeona bei ya petroli ikipanda. Mnamo Aprili 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, Sh16 kwa uniti na nusu ya hiyo nyakati za usiku ambapo matumizi ni madogo. Sharti ni kwamba umeme huo upimwe kwa mita yake. Anayechaji tuktuk kupitia mita ya nyumbani halipi bei hiyo.

Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuondoa nafuu ya ushuru wa VAT kwa pikipiki na mabasi ya umeme. Mswada huo uliporomoka Juni 26, Rais William Ruto alipokataa kuutia saini baada ya maandamano ya vijana. Sababu za maandamano zilikuwa nyingine kabisa. Wenye biashara za umeme waliponea kwenye mkumbo wa vita visivyokuwa vyao.

Na kuna sheria ambazo hazitajwi katika mikutano ya tabianchi ingawa ndizo zinazoamua. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Anayetaka kupachika paneli za sola juu ya paa la nyumba yenye mlango wa nakshi na roshani ya mbao atahitaji idhini ya ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa, kisha fundi mwenye leseni ya EPRA. Mfanyabiashara aliyewauzia wateja kumi sola kwa mkopo kabla ya kuuliza ataanza kulipa riba akisubiri majibu.

Vijana watasema, na wana haki, kwamba leseni za kaunti pekee zinatosha kumfilisi mtu, sembuse kumlipa wakili wa kusoma kanuni. Hata hivyo sheria zote hizi hupatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na Katiba ya mwaka 2010 inalazimisha umma ushirikishwe kabla kanuni hazijapitishwa. Vikao hivyo hutangazwa magazetini, mara nyingi katika kurasa ambazo msomaji huzifunua upesi akitafuta habari za soka.

Bandari nayo inaingiwa na sheria ambazo hazikutungwa Nairobi. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya umezitoza meli kubwa gharama ya hewa chafu, ikiwemo nusu ya safari inayoanzia nje ya Ulaya na kuishia huko. Chai inayopigwa mnada Mombasa na kupakiwa Kilindini kuelekea Ulaya husafiri chini ya hesabu hiyo, na muuzaji mchanga anayefunga bei ya miezi sita hana budi kumwuliza wakala wa meli ni nani anayeibeba.